Utetezi wa Sayari ya Chumvi

Jumatatu, 2 Februari 2026
Sijawahi kumwambia mtu hili. Nina miaka kumi na sita na sichoti maji pipani kabla sijagonga mara tatu. Chanzo ni Sayari ya Chumvi, tamthilia ya Kikorea ya anga za juu. Niliiona nikiwa na miaka saba, kwenye banda la video, Mbegani. Zimwi lake liliishi matangini. Lilisema, "Mwenye kiu, ainame." Yarabi! Wote waliidharau. Mimi nimeitetea kwa kurasa nne katika gazeti la ukutani la shule. Mhariri ni mimi. Ishaka, mwenzangu darasani, anakitaka cheo hicho.

Jumanne, 3 Februari
Ishaka amesoma, akaniita Profesa wa Matangi. Anayo tamthilia kwenye flashi, haijatafsiriwa. Ijumaa darasa zima litaitazama. Akanipa nakala, eti nianze kulia mapema.

Jumatano, 4 Februari
Nimekwisha! Nimeitazama mchana kweupe, mlango wazi. Zimwi halisemi neno. Linakohoa tu. Maneno yote niliyonukuu aliyatunga Bwanausi, aliyekuwa akitutafsiria bandani kwa kipaza sauti. Nikiumbuka, uhariri ni wa Ishaka.

Alhamisi, 5 Februari
Mpango! Nimemfuata Bwanausi. Siku hizi anatengeneza feni. Shikamoo yangu ilitoka kama mluzi. Nikamwomba aje atafsiri tena. Akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Akasema, "Mwanangu, Kikorea sijui hata salamu. Nilikuwa natazama midomo." Lakini atakuja, akishaswali.

Ijumaa, 6 Februari
Alikuja na kanzu, ananukia udi. Zimwi likakohoa. Bwanausi akanguruma, "Mwenye kiu, ainame!" Lulu wa dawati la mbele akapiga yowe. Ishaka akahamia karibu na mwalimu. Mimi nilikuwa chini ya dawati tangu wimbo wa mwanzo. Ushindi!
Kisha Mwalimu Naila akamuuliza kama kweli zimwi limesema hivyo. Bwanausi akajishika kifua. "Mwalimu, nimetoka msikitini sasa hivi. Nimetunga."
Sasa Ishaka ndiye mhariri. Mwalimu akaniambia nilipaswa kumwandika Bwanausi, fundi wa hadithi ni yeye.

Jumamosi, 7 Februari
Nimetafakari sana. Kosa langu ni moja: nilimleta Bwanausi siku ya Ijumaa.
Ipo sehemu ya pili ya Sayari ya Chumvi, nayo imedharauliwa zaidi. Kuitazama siwezi, naogopa. Nikachukua daftari, nikaenda kwa Bwanausi, nikamwuliza inahusu nini. Akasema hajaiona. Nikakaa kwenye kigoda, akaanza kusimulia, nikaandika kurasa sita.