Marufuku ya Uvimbe Kasongo

Wakazi wote wa Kasongo na Kabambare walitangaziwa kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili asubuhi, uvimbe umekoma. Komunike ilibandikwa sokoni, msikitini na kwenye shule ya misheni, nayo ilikuwa na sahihi ya Bwana Faradji, mwenyekiti wa Tume ya Utulivu wa Miili.

Faradji alikuwa mtu makini. Alhamisi ya wiki ya pili wangekuja wakubwa kukagua afya ya raia, na yeye alishagundua kwamba kila mgonjwa amevimba mahali. Ukiuondoa uvimbe, ugonjwa utakaa wapi? Basi akaamuru: mwenye jipu, shavu au mguu uliovimba ameze tembe za Tume za kushusha uvimbe. Ambaye uvimbe wake hautashuka apelekwe kilomita tano nje ya mji. Tena aliyevimba asitie sahihi karatasi yoyote ya serikali, maana akili yake imebanwa.

Msaidizi wake Sumaili, ambaye hakuwahi kuuliza swali tangu aajiriwe, alipita mitaani akipima watu kwa futi ya fundi cherehani.

Mama Léocadie, muuguzi wa kituo cha afya, ndiye pekee aliyekuja bironi kupinga.

"Shefu, askari wa damu iko na masikio mu ngozi yao. Siye tunaita vipokezi. Mengine yanasikia mikrobe ikiingia: askari wanaitana, mahali panavimba. Mengine yanasikia, 'Inatosha, mwizi amekamatwa,' na kila mutu anarudi kwake. Tembe zako zinaziba masikio. Mwizi anakula, askari wamelala."

"Na hao askari, mama, nani aliwapa ruhusa ya kukusanyika?"

Léocadie akageuka, akatoka. Faradji akaandika: *Muuguzi ameridhika.*

Ijumaa alikwenda kwa pikipiki kukagua watu wa eneo la Wamaza. Ikateleza topeni, chuma cha kukanyagia kikamchana muundi. Kesho yake mguu ukavimba, ukawa wa moto, ukapwita. Faradji aliutazama kama mtumishi aliyemjibu vibaya mbele ya watu. Akafunga mlango, akameza tembe nne. Kesho yake akameza nyingine nne. Jumatatu mguu ulikuwa umenywea.

"Unaona?" akamwambia Sumaili, meno yakigongana. "Uvimbe ni utovu wa nidhamu tu."

"Shefu, unatetemeka."

"Ni furaha."

Adhuhuri alianguka katikati ya mkutano wa kuandaa mapokezi. Alipozinduka alikuwa amelala kituoni kwa Léocadie, mwili ukiwaka, na mguu haumuumi hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha. Léocadie alimwambia bila kuficha kwamba mikrobe zimepanda hadi pajani kimyakimya. Akamchoma sindano za antibiotiki, akazikataza zile tembe. Siku mbili nzima haikujulikana kama atapona, na Faradji, asiyewahi kumwomba mtu kitu, alimwomba asiondoke.

Alhamisi asubuhi mguu ukavimba kama shina la mgomba. Léocadie akapiga makofi.

"Askari wako wameamka!"

Ndipo akaingia Sumaili na futi yake. Akapima, akapima tena.

"Sentimita makumi tano na mbili, shefu. Inabidi utoke mu mji."

"Sumaili! Iko miye!"

"Komunike haina jina ya mutu."

"Lete karatasi niifute sasa hivi!"

"Mwenye kuvimba hatii sahihi."

"Basi memba mwingine wa Tume atie!"

Sumaili alifikiri, jambo lililomchukua muda. "Tume iko na mutu moja, shefu. Iko weye."

Machela ya kituo ilikuwa imevunjika, kwa hiyo vijana wakamchukua kwa kiti cha kubebwa mabegani kilichopambwa maua kwa ajili ya wageni. Njiani walikutana na msafara wa wakubwa ukiingia. Wakubwa walidhani ni ngoma ya mapokezi, wakashusha vioo, wakashangilia. Faradji aliwapungia mkono. Angefanya nini?

Kilomita ya tano walimshusha kwenye kibanda cha wauza mihogo. Léocadie aliwafuata kwa miguu, sindano mfukoni. Akaubonyeza mguu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama," Faradji akauliza kwa sauti ndogo, "hao askari wangu... wanaendelea?"

"Wanaendelea vizuri. Mu huu mguu, shefu, kila mutu iko kazini. Ni weye tu uko likizo."