Mpira Uliotaifishwa Kilosa

Jumatatu, 29 Juni 1970

Wanafiki! Wanafiki watupu, kuanzia mwenyekiti hadi yule anayechora mistari ya uwanja kwa majivu.

Mkutano wa klabu. Mzee Kasian, mwenyekiti wetu, akasimama, akakohoa, akasema kwamba tangu Azimio la Arusha mabenki yamekuwa ya umma, mashamba ya mkonge yamekuwa ya umma, hivyo haipendezi timu ya Kilosa kuchezea mpira ambao ni mali ya mtu mmoja. Mtu mmoja huyo ni mimi! Mpira wa ngozi, wenye kamba na bladda yake ya hewa ndani, niliopewa na Mgiriki wa shamba moja la Rudewa siku anafunga mizigo. Kabla yangu timu hii ilikuwa inapiga matambara. Tangu siku hiyo nafika uwanjani na mpira kwapani, na nacheza namba tisa. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini nacheza namba tisa. Sababu walikuwa wanaiona kwapani.

Wakapiga kura. Mikono yote juu. Na wangu! Mama wa chai alikuwa ndiyo kwanza anaingia na birika, nikadhani wanauliza nani anywe. Mzee Kasian akanishukuru kwa moyo wa kizalendo. Makofi. Chai yenyewe iliishia kwa waliokaa mbele.

Makofi hayajapoa, wakasoma kikosi cha kwenda Mikumi siku ya Saba Saba. Namba tisa, Lupakisyo. Kijana wa reli, miaka ishirini na mbili, miguu mirefu isiyo na adabu. Mimi sikutajwa hata kwenye wabeba maji.

Na pale mlangoni Lupakisyo akanipa shikamoo. Mbele za watu! Nina miaka thelathini na nane tu. Nikaitikia marahaba kwa meno yaliyoumana.

Jezi namba tisa nitaivaa mimi. Mikumi itaniona.

Jumanne, 30 Juni

Nimepata dawa yao. Historia!

Kilosa nzima hakuna anayejua mambo ya mpira wa dunia kunizidi. Nasikiliza redio. Nasoma magazeti, hata yaliyofungiwa sukari. Ndiyo maana najua kwamba fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, mwaka 1930, Uruguay na Argentina waligombea mpira wa kuchezea, kila mmoja anataka wake. Wakaamua hivi: kipindi cha kwanza mpira wa Argentina, kipindi cha pili mpira wa Uruguay. Argentina wakaongoza mbili kwa moja kwa mpira wao. Ukaingia wa Uruguay, mambo yakageuka, Uruguay wakashinda nne kwa mbili. Mwenye mpira ndiye mwenye mechi. Dunia nzima inajua, isipokuwa Mzee Kasian.

Nikaenda kwake. Hasira imenifika hapa, lakini shikamoo ni shikamoo, nikaitoa. Nikamweleza fainali yote, hadi mchezaji wa Uruguay mwenye mkono mmoja aliyefunga bao la mwisho. Akauliza kama Uruguay wameshapata uhuru. Nikasema zamani sana. Akafurahi. Akasema huo ndio usawa: ndugu zetu wa Mikumi kipindi kimoja na mpira wao, sisi kipindi kimoja na mpira wetu.

Wetu! Nikasema ndiyo, na mwenye mpira anatakiwa awemo uwanjani. Akasema mwenye mpira ni umma, na umma utakuwepo, watu watajaa. Akaniagiza niukabidhi Jumamosi. Akanisindikiza mpaka njiani, mzee yule, ananishukuru kwa elimu. Nilitamani kupiga teke kuku wake.

Alhamisi, 2 Julai

Sasa nina mpango wa kweli. Ule wa Uruguay ulikuwa majaribio.

Kombe la Dunia limemalizika majuzi kule Mexico. Picha ya mpira wao nimeiona gazetini. Si wa kahawia kama yetu. Ni mweupe wenye mabaka meusi, wameupaka hivyo ili watu wauone vizuri kwenye televisheni. Basi nitaupaka wangu vilevile. Wakiuona watapigwa na butwaa. Mpira wa namna hiyo utahitaji mtaalamu. Mtaalamu ni nani Kilosa hii? Na mtaalamu atasimama pembeni anashika makoti ya watu? Thubutu!

Nyeupe: chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta. Nyeusi: lami, kutoka pipa lililotelekezwa nyuma ya stesheni. Ilikuwa imeganda, nikaiyeyusha jikoni kwenye sufuria.

Mke wangu, Anastazia, amerudi kutoka sokoni. Kumbe sufuria lilikuwa la ugali. Lile kubwa, alilopewa na mama yake. Akaniuliza kama nimerogwa au nimezaliwa hivi. Nikamwambia haya ni mambo ya Mexico. Akasema basi Mexico ndiyo itanipikia.

Jumamosi, 4 Julai

Nimekabidhi. Mpira umependeza, ila unanata kidogo.

Wote wakaja kuutazama, wakauzunguka. Nikaona sasa wamepatikana. Halafu Lupakisyo, kwa upole wake unaoudhi, akauliza mabaka ni ya nini. Nikasema ya televisheni. Akauliza Mikumi kuna televisheni? Watu walicheka mpaka Tomasi, kipa wetu, akakaa chini. Wapumbavu! Siku televisheni ikifika Kilosa watanitafuta.

Lakini Mzee Kasian akasema mpira utakwenda. Watu wa Mikumi wanaturingia sana na barabara yao mpya inayojengwa, waone na sisi tuna kitu. Akanipa cheo: Mtunza Mpira. Nikadai namba tisa. Akasema cheo ni kimoja kimoja.

Nikatoa silaha nyingine. Nikawaambia kwamba Mexico, kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia, wameruhusu kubadilisha wachezaji katikati ya mchezo. Wakabishana, wakakubali. Niko akiba! Nitaingia endapo Lupakisyo atashindwa kabisa kusimama, alivyosema Mzee Kasian, na endapo hakuna mwingine.

Akiba ya namba tisa. Nusu ya njia nimeshafika.

Jumatatu, 6 Julai

Lami haikauki. Nimeianika juani, ndiyo kwanza inang'aa. Nimeinyunyizia majivu. Chokaa inabanduka yenyewe, lami haibanduki kwa lolote. Nyumbani chakula ni mahindi ya kuchoma, siku ya tano leo, na Anastazia hasemi nami ila kwa kupitia ukuta.

Lupakisyo amekuja kunisaidia kuubeba mpira mpaka stesheni. Shati lake jipya likapata baka la lami tumboni. Akaniomba radhi mimi! Anasema labda ameharibu rangi. Kijana wa hivi unamchukiaje kwa raha? Ananiharibia hata hasira yangu.

Jumanne, 7 Julai. Saba Saba

Naandika ndani ya treni ya kurudi, peke yangu kwenye behewa la mizigo. Sikulichagua.

Tulifika Mikumi mapema. Mechi ikachelewa kwa sababu tembo walikuwa wamekatiza uwanjani alfajiri na kuacha mavi yao katikati. Mzee Kasian akasema mambo ya uwanja ni ya Mtunza Mpira. Nikapewa koleo. Watu wa Mikumi wakashangilia kila nilipochota.

Kipindi cha kwanza, mpira wa Mikumi. Lupakisyo akafunga. Akafunga tena! Mbili bila. Kilosa wote wanarukaruka, mimi nimekaa juu ya mpira wangu nimekunja uso. Nilipotaka kusimama niligundua kwamba siwezi. Suruali ilikuwa imeshika. Tomasi akanivuta mikono, mwingine akavuta mpira, kipande cha suruali kikabaki na mpira.

Kipindi cha pili, mpira wangu. Jua lilikuwa limewaka, lami imelainika. Krosi ya kwanza Lupakisyo akaruka juu ya wote, akapiga kichwa safi. Mpira ukamkaa usoni. Walipoubandua, nyusi za upande mmoja hazikuwepo na lami ilikuwa machoni. Akatolewa akipapasa hewa. Mzee Kasian akaangalia kulia, akaangalia kushoto, wengine wote ghafla wakaumwa miguu. Akanitupia jezi.

Namba tisa! Nimeivaa! Nilihisi kifua kinapanuka mpaka jezi inabana. Jezi ilibana kweli.

Mpira wakati huo ulishakusanya majani na mchanga, umenenepa. Vitalis, kapteni wa Mikumi, akaupiga shuti la kawaida. Tomasi akaudaka vizuri, akaukumbatia. Basi. Hakuweza tena kuutoa kifuani. Anauvuta na shati linakuja. Akazunguka, akazunguka, akaangukia ndani ya goli pamoja nao. Refa akapuliza: bao. Muda mfupi baadaye Tomasi alijaribu kuuzuia kwa miguu, ukampita huku umembebea soksi. Mbili kwa mbili.

Halafu ikaja yangu. Niko peke yangu na kipa wao. Mungu ni shahidi, sijawahi kuupata mpira mahali pazuri vile. Nikapiga kwa nguvu zote za wiki hii nzima: Kasian, kura, shikamoo, sufuria, koleo. Kiatu kikatoka mguuni kikaenda moja kwa moja golini, kona ya juu. Mpira ukabaki nilipouacha. Nikashangilia. Nikakimbia uwanja mzima mguu peku, mikono juu. Refa akasema bao la kiatu halimo kwenye sheria. Nikamshika kola nimwonyeshe kwamba kiatu kile kina lami ya mpira, kwa hiyo ni sehemu ya mpira. Wakati tunabishana Vitalis akauchukua mpira, akakimbia nao hadi kwetu. Tomasi alipouona unakuja, alikimbia. Kipa, anakimbia mpira! Tatu kwa mbili. Kwisha.

Sasa napigwa na vumbi la simenti. Behewani kwao hawaimbi. Mara moja moja nasikia jina langu na kitu kinagongwa ukutani.

Jumatano, 8 Julai

Kamati imekaa. Mzee Kasian hakukohoa hata kidogo. Akasema kwamba mpira narudishiwa, umma hauutaki. Akaongeza kwamba nami umma haunitaki, si kwa namba tisa, si kwa akiba, si kwa koleo. Nisionekane kikosini maisha yangu yote.

Lupakisyo, macho mekundu na nyusi upande mmoja, akasimama kunitetea. Akasema Ndugu Oswald hakukusudia ubaya, anaupenda mpira kuliko wote humu. Wengine wakaanza kuniangalia kwa huruma.

Huruma! Bora wangenipiga. Nimetoka bila kuaga. Nimetembea hadi mto Mkondoa na kurudi. Maana ni kweli alichosema, na kwa nini akiseme yeye?

Jumapili, 12 Julai

Asubuhi njema sana. Anastazia amekwenda kanisani, nami nimeketi na mkasi.

Habari ni hii. Refa wetu wa Kilosa amehamishiwa Dumila, na Jumamosi kuna mechi ya kirafiki kati ya kikosi chetu cha kwanza na cha pili. Hakuna wa kuchezesha. Nimejitolea. Kamati imekubali upesi, wakaona refa hagusi mpira, atawaharibia nini? Lupakisyo amenipa hongera, akasema ndiyo nafasi inayonifaa.

Hawasomi magazeti, ndiyo shida yao. Kule Mexico marefa walipewa kadi, kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia. Ya njano ni onyo. Nyekundu, mtu anatoka nje. Na nimesoma kwamba mashindano yote, kuanzia mwanzo hadi fainali, nyekundu haikumtoa mtu hata mmoja. Marefa wa dunia nzima, waoga!

Kitambaa chekundu cha meza ya Anastazia kimetosha vizuri. Nimekata nyekundu kumi na mbili: kumi na moja za kikosi cha kwanza, na moja ya Mzee Kasian huko anakokaa. Ya njano sikuona haja.