Miaka Sita ya Kumuuguza Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Mjomba amepiga simu tena. Ametoa amri: nisipopata kazi kufikia Jumapili, anakuja kunichukua nikasafishe mabanda yake ya kuku. Kuku! Mimi, mwenye cheti cha shule! Bibi, ambaye naishi kwake, amesema kuku wenyewe wataona haya.

Kesho nina usaili. Kampuni ya dobi, ile inayofua mashuka ya hoteli, inatafuta karani wa kupokea nguo. Kasoro ni moja tu. Wanataka mtu mwenye uzoefu, nami tangu nimalize shule, miaka sita sasa, sijafanya kazi hata ya kuazima. Kinyozi wangu amenishauri niseme ukweli. Ndiyo maana mpaka leo ni kinyozi.

Nimelala kidogo ili nifikiri. Nimepata!

Jumanne, 5 Machi

Ushindi!

Walikuwa wawili: meneja, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na mama msimamizi wa chumba cha pasi. Meneja aliuliza nimefanya kazi wapi. Nikainamisha kichwa. Nikanyamaza mpaka mama akaweka kalamu chini. Kisha nikasema kwamba miaka yote sita nimekuwa nikimuuguza bibi yangu, ambaye hainuki kitandani. Namlisha kwa kijiko. Namgeuza ubavu. Namfulia mashuka. (Hapo meneja alichangamka.)

Mama akatoa leso. Meneja akasema vijana kama mimi ni adimu siku hizi. Nikakubaliana naye. Akauliza Bibi anaumwa nini. Swali hilo sikulitarajia. Nikasema: kila kitu.

Jibu la kazi wataniletea wenyewe Ijumaa, watakapokuja kumjulia hali mgonjwa.

Nyumbani!

Jumatano, 6 Machi

Tatizo ni afya ya Bibi. Sijapata kuona mwanamke wa umri ule mwenye afya ya kuudhi namna ile. Asubuhi nilimkuta juu ya paa, akipigilia bati. Nikamwomba ashuke tuzungumze. Akasema nipande mimi. Siwezi, ngazi zinanitia kizunguzungu. Ikabidi nipaze sauti, majirani wakisikia, kumwomba augue siku moja tu.

Bibi alicheka mpaka misumari ikamponyoka mdomoni. Akasema hajawahi kulala mchana, na kwamba katika nyumba hii mgonjwa anajulikana. Nikapiga magoti kwenye kokoto. Nikamtajia Mjomba. Nikamtajia mabanda.

Amekubali kwa sharti. Mgonjwa hafanyi kazi. Kwa hiyo mpaka Ijumaa nipike, nifagie na nifue mimi. Akashuka na kuanza kuugua papo hapo.

Alhamisi, 7 Machi

Bibi anaugua kwa bidii mno. Chai ya kwanza ilikuwa baridi. Ya pili ilikuwa na moshi. Ya tatu aliinusa tu, akanirudishia. Nikamkumbusha kwamba mgonjwa wa kweli hana nguvu za kulalamika. Akanijibu kwamba sijawahi kuuguza mtu, nitajuaje?

Mgongo unaniuma. Kama kazi zote ziko hivi, watu wanastahili pole.

Ijumaa, 8 Machi

Najaribu kuandika kwa utulivu.

Walifika mapema, na machungwa kwenye mfuko. Bibi alikuwa kitandani, shuka mpaka kidevuni, akikohoa vizuri kabisa. Mimi nilikuwa napiga pasi shati langu. Niliacha pasi juu yake nikaenda kuwapokea. Mama alimshika Bibi mkono na kumwita dada. Meneja alisimama mlangoni na machungwa yake, machozi yakimlengalenga. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno!

Ndipo moshi ukaingia chumbani.

Bibi alirusha shuka, akaruka kutoka kitandani, akampita meneja na kuichomoa pasi ukutani. Machungwa yalitawanyika. Mama alipiga kelele: "Ameinuka! Jamani, ameinuka!" Meneja alikaa chini, sakafuni, bila kuangalia kama pana kiti.

Bibi hakuwasikia. Alikuwa ananitukana. Shati lilikuwa limekwisha, hivyo alichukua lingine, na kwa hasira akalinyoosha: kola, mabega, mikono, vup, vup, halina hata mkunjo. Mama msimamizi akaacha kulia. Akasogea. Akauliza amejifunzia wapi. Bibi akasema amepiga pasi sare za wauguzi maisha yake yote ya kazi. Mama akasema chumba chake hakina mtu wa namna hiyo, na kama dada anajisikia kupona kweli, aje Jumatatu.

Dada anajisikia kupona kweli.

Nikamkumbusha meneja kwamba na mimi nipo. Alinishika mikono yote miwili. Akasema mtu aliyemwinua mgonjwa wa miaka sita hawezi kupotezwa kwenye kupokea mashuka machafu; dhambi hiyo yeye hataibeba. Kazi ya karani wamempa mtu mwingine.

Machungwa wameyaacha. Bibi ameyala yote. Anasema ni ya mgonjwa.

Jumapili, 10 Machi

Mjomba amekuja na pikapu. Bibi alinipungia mkono kutoka juu ya paa.

Njiani Mjomba alikuwa mpole ajabu. Alisema kwa kuwa sijui kitu, hatanilemea. Mwezi mzima nitakaa tu na mfanyakazi wake mzee wa mabandani, nitazame anavyofanya. Nitazame! Mtu wa hadhi yangu haanzii chini hivyo. Nikamwambia kuku nimefuga miaka mingi pale kwa Bibi, tena mamia.

Mjomba, ambaye alizaliwa katika nyumba ile, aliuliza niliwafugia wapi, maana ua wake hautoshi kuanika godoro.

Nikamjibu kwamba hapo ndipo ulipo utaalamu.

Amefurahi sana. Amesema basi mzee apewe likizo kuanzia leo, na mabanda yote niyashike peke yangu. Alicheka njia nzima. Ni raha, nadhani, kupata mtaalamu kutoka ndani ya ukoo.

Sasa nimesimama nje ya banda la kwanza. Jogoo mmoja mkubwa ameziba mlango na hataki niingie. Nimemweleza kwamba nina uzoefu.