Kompyuta Ndani ya Banda la Kuku

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kompyuta yangu imewaka. Si ya mezani. Hii nimeijenga ndani ya mchezo wa kompyuta wa vitalu tunaocheza kwenye saiba ya Waruguru, duka lake la intaneti hapa mtaani Jericho, ule wenye dunia nzima ya kujijengea. Ni kompyuta ya kizamani, kubwa kama ukumbi wa kanisa. Skrini nyeusi, tarakimu za kijani, na sakafuni vibao vya namba. Unakanyaga kibao cha tatu, halafu cha nne, inajumlisha. Nimekanyaga mwenyewe. Saba!

Waruguru anatafuta mtu wa kufundisha watoto kompyuta likizo hii. Jumamosi ataangalia kazi zetu, kisha achague. Tuko wawili: mimi na Ndirangu, jirani yangu. Tangu kiwanda kiniachishe kazi, ni mke wangu Mourine anayelisha nyumba kwa chapati zake. Darasa hili lazima liwe langu.

Ndirangu amenisalimia leo asubuhi, na jioni tena. Kwa nini tena?

Jumanne, 5 Agosti

Dunia ya mchezo ni ya wote. Yeyote anayeingia saiba anaweza kutembea hadi kwenye kompyuta yangu, akaiga. Huyo yeyote ni Ndirangu.

Nimepata akili. Nimeizungushia kuta za mbao, paa la nyasi, mlango mdogo. Kwa nje ni banda la kuku. Nani atachungulia banda la kuku? Lakini banda lisilo na kuku linatia shaka. Kwa hivyo nimeweka kuku. Wengi. Kazi safi.

Mourine ameuliza natabasamu nini. Sikumwambia. Huwa anapiga stori sana na mke wa Ndirangu.

Jumatano, 6 Agosti

Kuna mtu ameingia! Jana niliacha skrini kwenye sufuri. Leo nimekuta kumi na tatu. Nikafuta. Nikatoka kuzunguka banda, nikarudi: tisa. Ndani hamna mtu. Ni kuku tu, wanatembea zao juu ya vibao, wanadonoa.

Ndirangu alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni, anacheka na simu yake. Anacheka nini?

Nimechimba shimo refu mlangoni, nikalifunika kwa majani.

Alhamisi, 7 Agosti

Shimo limenasa. Ndirangu! Mtu wake wa mchezo ameanguka, amekufa, na vifaa vyote alivyokusanya tangu Pasaka vimepotea.

Alikuja hadi mezani kwangu. Nikajiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alisema alikuwa anakuja kuniambia jambo kuhusu kuku wangu. Nikamjibu kwamba kuku wangu hawamhusu. Akasema sawa, akarudi kuanza upya, anakata mbao kwa mikono mitupu. Nilimwonea huruma kidogo. Halafu nikajiuliza: amejuaje kwamba kwenye banda la kuku kuna kuku?

Na skrini bado inabadilika. Basi ana mwenzake. Nimeongeza kuku, banda lionekane la kweli zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu.

Saiba ilijaa wazazi na watoto. Mourine alifunga kibanda chake cha chapati mapema, akaja na gauni lake la kanisani. Ndirangu alianza. Amejenga saa ndogo tu, haina ukuta, haina mlango, nyaya zote nje. Nikajua nimeshinda.

Nikafungua banda. Watu walipoona ile skrini walisogea mbele. Waruguru akaomba nijumlishe mbili na mbili. Nikakanyaga. Nne. Makofi. Kabla makofi hayajaisha, ikawa kumi na moja. Nikafuta. Sita. Nikafuta tena. Kumi na nne. Nikageuka, nikamwambia Ndirangu mbele ya watu wote aondoe mikono yake kwenye mashine yangu. Mikono yake ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

Waruguru akainama karibu na skrini.

"Javan," akasema polepole, "ni kuku wanakanyaga."

Watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Mourine hakucheka. Aliangalia sakafu, na hilo ndilo lililoniuma. Darasa amepewa Ndirangu.

Jumapili, 10 Agosti

Ndirangu amekuja baada ya kanisa. Nilimnong'oneza Mourine aseme sipo. Akamfungulia mlango.

Hakutaka hata kukaa. "Buda, nimeongea na Mama Waruguru pale saiba," akasema. "Tufundishe sote wawili. Yangu ni saa tu. Yako inapiga hesabu."

Kitu kimoja tu aliomba: nitoe kuku, nibomoe kuta, ili watoto waone nyaya zinavyopita. Mourine akamfungia chapati za moto kwenye gazeti. Nikasema asante. Nadhani nilimaanisha.

Jumatatu, 11 Agosti

Darasa la kwanza limekwenda vizuri mno. Bila kuku mashine haikosei. Watoto walipanga foleni kukanyaga vibao, na Ndirangu akanisifu mbele yao, akasema hajawahi kuona kazi kama hiyo. Mourine ameimba jikoni jioni nzima.

Nimelifikiria jambo hili. Mtu hakugawii kazi, halafu akakusifu juu yake, hivi hivi tu. Na kuta zangu. Mbona alitaka sana zibomolewe?

Nimeanza kompyuta ya pili, kubwa zaidi, chini kabisa ya bahari ya mchezo, mahali asipofika mtu. Mourine sijamwambia. Huko chini hakuna kuku. Ni samaki tu, na samaki hawana miguu.

Ila kuna mmoja ananiangalia sana.