Kitambaa cha Dada Yako na Kompyuta Yangu

Kwako Shemeji Fundi Kompyuta,

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA MIMI NA KOMPYUTA YANGU YA MEZANI

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe.

Jumamosi nilikuita kwa adabu zote unishauri jambo moja tu: kati ya memori, diski mpya na kadi ya picha, kipi kinafaa kuongezwa. Shida yangu unaijua. Binti yetu yuko masomoni mbali, na kila Jumapili akipiga simu ya video, dakika ya tatu anaganda mdomo wazi. Huu mwezi wa nne sijamwona mwanangu akicheka mpaka mwisho, na inaniuma. Wewe ukaligusa boksi la kompyuta, ukasema lina joto, niondoe kitambaa, ukaaga. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kitambaa hicho kimefumwa na dada yako wa tumbo moja kwa wiki sita, kwa vipimo vya boksi, na ua juu. Kinazuia vumbi. Wewe ukakiita blanketi.

2. Ulikiita hivyo dada yako akiwa jikoni, mlango wazi. Wewe ulikwenda zako. Ninayeishi humu ni mimi.

3. Jirani yangu kinyozi aliongezewa memori, na tangu siku hiyo hana mazungumzo mengine. Mimi nikiulizwa nimeongeza nini, nijibu nimepunguza kitambaa?

4. Ukiachiwa, kesho utavua cha redio, keshokutwa cha friji, kisha vya makochi yote, nyumba ibaki uchi. Hapo nitafukuzwa, na nitahamia kwako. Una chumba kimoja, nami nakoroma.

Kwa hiyo naomba uthibitishe kwa maandishi, na sahihi yako chini, kwamba kompyuta hii inahitaji vyote vitatu, pamoja na feni ya pili. Feni iwe ndogo, ienee chini ya kitambaa.

Nisalimie mkeo, watoto, na mama yako, mama mkwe wangu. Mwambie goti langu limepona.

Ni mimi, shemeji yako mwenye kinyongo,
Mume wa dada yako

Tanbihi: Barua imechelewa kutumwa. Leo Jumapili kitambaa kilifuliwa, kikashinda kwenye kamba. Binti alipiga, tukaongea saa nzima bila kuganda, akacheka hadi nikayaona meno ya nyuma. Dada yako anasema ni kwa sababu kitambaa ni kisafi, na sasa anakipiga pasi akirudishe. Njoo umwambie wewe.