Wati Mia Tatu za Kumzidi Mwanyumba

Jumatatu, 3 Machi
Balbu zimeungua! Ya flashi ya kulia na ya kushoto, kwa mpigo. Flashi zenyewe zinapiga vizuri, lakini bila ile balbu ndogo inayobaki ikiwaka katikati, siwezi kuona kivuli cha pua kitaangukia wapi mpaka picha itoke. Leo mteja ametoka na masharubu ya kivuli. Mteja ni bibi harusi.

Ng'ambo ya barabara studio ya mwanyumba inang'aa. Tumeoa ndugu wawili, mimi dada mtu, yeye mdogo mtu, kwa hiyo heshima ingepaswa kuwa yangu. Wateja wanaingia kwake. Nimewachungulia nyuma ya pazia mpaka shingo imekakamaa. Roho inaniuma, nisidanganye.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu ameleta habari. Mama mkwe anataka picha kubwa ya familia ya kutundika sebuleni. Ijumaa atapita kwangu kujaribu, akiridhika tunapiga Jumamosi. Hii ndiyo nafasi! Mwanyumba anamwita “mwanangu”. Mimi ananiita “fundi picha”. Miaka yote hii!

Nimechomoa balbu ya jikoni, hizi za kisasa zisizopata moto. Imeingia kwenye flashi barabara. Nikajipongeza. Nilipopunguza mwanga ikaanza kupepesa, na mteja wa picha ya pasipoti akapepesa nayo. Amefumba macho katika picha zote. Mke wangu amepika gizani, chumvi ameitia mara mbili, na amenuna.

Jumatano, 5 Machi
Duka la vifaa vya umeme. Muuzaji amesema flashi yangu inataka halojeni ya wati mia na hamsini, isizidi hapo, maana joto halina pa kutokea. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, mwanyumba hununua zipi. Hizohizo, akasema.

Basi nikanunua ya mia tatu. Muuzaji akaguna. Aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni mtaalamu.

Alhamisi, 6 Machi
Balbu ni ndefu, kifuniko cha kioo cha flashi hakirudi. Nimekiweka kabatini. Kifuniko cha nini, mwanga unatakiwa kutoka!

Nilikuwa nimetoka kupaka nywele mafuta, balbu mkononi, mwanyumba akaingia bila hodi. Akaniambia, kaka, usishike kioo kwa vidole, shika kwa kitambaa, mafuta yakipata moto balbu inapasuka. Tena hiyo ya mia tatu itakuunguzia kava. Kava ni lile la kitambaa linalolainisha mwanga.

Mwenye kijicho utamjua tu! Hataki nimzidi. Alipotoka nikaipapasa balbu kwa kiganja kizima, taratibu, makusudi.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe alikuja amependeza. Nikawasha. Mwanga ule! Akasema anasikia joto. Nikamwambia ndiyo ubora wenyewe. Akaanza kujipepea kwa mkoba. Mara harufu ya kuungua. Nikamwambia ni jirani anachoma takataka. Akasema huyo jirani basi yuko juu ya kichwa changu mimi, maana moshi unatokea hapo.

Nikageuka kutazama kava. Paa! Balbu ikapasuka. Kwa mshtuko nikabonyeza kamera.

Mama mkwe hakuumia, namshukuru Mungu. Vipande vilinaswa na kava, au tuseme na kilichobaki. Ila alitoka mbio na kiatu kimoja. Picha ninayo: mdomo wazi, mguu hewani, mkoba unapaa. Kivuli cha pua kimekaa vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi
Familia nzima kwa mwanyumba. Mimi nimepewa ubao mweupe wa kurudishia mwanga, niushike pembeni. Katika picha nimeonekana kiwiko. Mwanyumba akatangaza mbele ya watu kwamba ubao wangu ndio uliofanya uso wa mama ung'ae. Kunisifu hadharani! Uchokozi mtupu. Niliumia, machozi yakanilenga, nikasingizia mwanga mkali.

Jumapili, 9 Machi
Mwanyumba amebisha hodi, safari hii. Ameleta balbu mbili za mia na hamsini, mpya, na kitambaa cha kuzishikia. Eti ametumwa na mama mkwe. Eti mama amesema, “Mpelekee na mwanangu yule mwingine, asije akajichoma.”

Mwanangu! Mimi? Nikamtazama machoni. Uongo wa mchana kweupe. Anajua hasa pa kunichoma.

Kitambaa ni laini, nimefutia viatu. Balbu nimezifunga kwa mkono, zimeingia vizuri, zinawaka vizuri. Hapo ndipo nilipomshtukia. Mtu hawezi kukupa kizuri kama yeye hana kikubwa zaidi.

Kesho asubuhi nakwenda dukani kuulizia ya wati mia tano.