Kura ya Barafu na Ubao wa kwa Vinzenz

Jumatano, 8 Oktoba

Kikao cha klabu ya skii kimeisha. Wiki ijayo, siku kama ya leo, tunapiga kura! Tunachagua barafu moja ya mlimani, ya kudumu mwaka mzima, tutakayoiendea kila wikendi mpaka lifti za hapa kijijini zifunguliwe Desemba. Basi moja, watu tisa, mlima mmoja. Mwenye pendekezo litakaloshinda anachongwa jina kwenye ubao ulio juu ya jiko la kuni, mgahawani kwa Vinzenz. Baba yangu, marehemu Serafin Plattner, amechongwa mara saba. Mimi, Kassian Plattner, sijachongwa hata herufi. Nikikaa pale na bia yangu nalisoma jina lake, na bia inashuka kwa shida.

Tatizo ni Notburga. Tarishi mstaafu, miaka sitini na tisa, mikono kama ya mpasua kuni. Ameshinda miaka ishirini na miwili mfululizo, na kila mwaka anasema neno lilelile: Silberferner. Mlima wenye lifti mbili za kuburuta watu kupanda, zilizonizidi umri! Mimi safari hii napendekeza Kreuzlferner. Vibanda vya waya vinavyopanda vikining'inia, vyenye viti vya moto. Mita elfu tatu na mia mbili. Ramani yake ina mistari mingi ya rangi mpaka inapendeza kutundikwa sebuleni.

Tumekubaliana hivi: Jumamosi nawapeleka kwenye mlima wangu wakaonje, Jumapili Notburga anawapeleka kwenye wake. Kisha Vinzenz, ambaye ndiye mwenye mgahawa, mwenyekiti wetu na dereva wa basi, akatangaza kanuni mpya. Atakayependekeza akashindwa miaka mitatu mfululizo, hapendekezi tena kwa miaka mitano. Alisema ni kanuni ya wote. Wote wakanigeukia mimi. Nimeshindwa mwaka juzi na mwaka jana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kreuzlferner wana kamera mtandaoni. Nimeitazama ofisini tangu saa mbili asubuhi, mita za maji za kijiji zikanisubiri. Jamani, theluji! Huku bondeni upepo wa joto wa kusini unavuma siku ya pili, watu wanatembea na fulana, na pale juu weupe haujapungua hata unyayo mmoja. Nimelinganisha na picha za Septemba. Uleule! Theluji ya wengine inayeyuka, hii imekataa katakata.

Na usafi wake! Kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa rula. Nimevua kofia mbele ya kompyuta. Hawa watu wanaijua kazi yao. Nimewatumia wanachama wote picha hiyo na maneno matatu: Tazameni, kisha nyamazeni.

Vinzenz kajibu kwa kuuliza mbona theluji ina mkunjo pembeni. Nikamjibu kwamba asiyejua teknolojia aache kuchungulia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempeleleza Notburga. Nilijificha nyuma ya rundo lake la kuni, nikamsikia anapiga simu kwa mtunza kibanda cha wapanda mlima cha Silberferner. Hakuuliza theluji ina kina gani, hata mara moja! Aliuliza upepo wa Jumanne ulitoka upande gani, ulivuma kwa muda gani, na kama ng'ombe wa mwisho wameshateremshwa. Ng'ombe! Nilijiziba mdomo nisicheke.

Akakata simu, akasema kwa sauti, wala hakugeuka, "Kassian, ukishamaliza hapo nyuma niingizie kuni mbili tatu ndani." Nimeingiza. Kanipa na kipande cha keki ya tufaha. Keki yake ni tamu mno, na inaniudhi kwamba ni tamu mno.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku yangu. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, basi linanukia kahawa na mafuta ya skii. Niliwahutubia njia nzima. Mke wangu Irmgard alijifunika kofia usoni akalala, au alijifanya.

Tukapanda kibanda cha waya. Viti vilikuwa vya moto kweli, nikawataka wote wakiri hivyo. Tukafika juu, mlango ukafunguka, nikanyoosha mkono kuwaonyesha ule weupe wangu.

Wanaume sita walikuwa wanaukunja.

Vitambaa! Mablanketi meupe ya kufunika barafu isiyeyuke wakati wa kiangazi, marefu kama uwanja wa mpira. Kila mtoto wa huku kwetu Tirol anayajua. Na mimi ninayajua! Lakini kwenye picha ndogo vile, ungejuaje? Wafanyakazi wenyewe walikuwa waungwana sana, wakatuambia sehemu hii hufunuliwa mwisho na kwamba tangazo liko kwenye tovuti yao, ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Chini ya vitambaa palikuwa na theluji ya mwaka jana, ya kijivu. Kwa siku ya leo palikuwa wazi mteremko mmoja tu, nusu yake vijana wa mashindano wamezungusha kamba. Tukabakiwa na kipande kinachotosha ukumbi wa harusi, harusi yenyewe ndogo.

Wakanianza. Vinzenz akaomba pasi ili anyooshe mikunjo. Mwingine akasema kitanda Kassian amekitandika vizuri, sasa mito iko wapi. Irmgard akauliza kama naweza kumletea mita nne za mapazia. Mke wangu wa ndoa!

Notburga hakunicheka. Alifunga skii zake za zamani, akashuka kile kipande chembamba, na nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Sijawahi kuona kitu kizuri vile. Kona ndogo, moja ikizaa nyingine, kama mtu anayemenya tufaha bila kukata ganda. Wale vijana wa mashindano walisimama kumtazama. Nilijisikia fahari kwamba ni wa klabu yangu, kisha nikakumbuka kwamba ni adui.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku yake. Lakini mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilichukua kipimajoto, nikakibana kwapani kuanzia kijijini hadi Silberferner. Mpango: nakichomeka kwenye theluji mbele ya watu, kinasoma nyuzi nane au tisa, nasema kwa huzuni kubwa kwamba theluji imelainika na kwamba nahofia magoti ya wazee. Wanaogopa. Wanakumbuka viti vya moto.

Nikakichomeka. Nikawaita. Nikamkabidhi Notburga akisome mwenyewe, pasiwepo maneno. Akavaa miwani, akakitazama, akakigeuza, akanitazama mimi.

"Thelathini na sita na nusu," akasema. "Theluji haina homa. Iko salama, iacheni ipumzike."

Ndipo nikaona. Nilichukua cha homa, kile kisichoshuka mpaka ukikung'ute, kilichokuwa kwenye kabati la dawa! Vinzenz alikaa chini palepale thelujini kwa kucheka. Kuanzia hapo kila aliyenipita alinigusa paji la uso.

Na theluji ya pale? Niseme tu. Kavu, nyepesi, imejaa mkondo wote wa kushoto, lile bonde jembamba la kuteremkia, hadi juu ya magoti. Nilimfuata Notburga kwenye lifti, nikamuuliza kwa ukali amejuaje. Akanieleza bila kuringa. Upepo wa Jumanne ulitoka kaskazini kabla haujageuka, na upepo wa kaskazini huzoa theluji ya mgongo wa mlima na kuimwaga kwenye mkondo ule. Na mchungaji wa pale huteremsha ng'ombe wa mwisho baridi inapoanza kukaa, hakosei. Basi ndivyo alivyojua! Hana kamera, ana simu ya waya na akili. Nilimheshimu mpaka nikasahau kushika lifti vizuri, nikaanguka, nikaburutwa mita kumi kwa tumbo.

Nilikuwa nimepanga kulalamika kuhusu chakula. Nimekula bakuli tatu za supu ya madonge ya mkate.

Jumatatu, 13 Oktoba

Notburga kaja nyumbani. Nilidhani amekuja kudai nimwombe radhi, nikajificha bafuni, Irmgard akanitoa.

Akakaa, akanyoosha mguu, akasema goti limekwisha. Anapasuliwa Novemba. Atakaa nje msimu wote, labda na ujao. Kisha akasema hatapendekeza chochote Jumatano. Nipendekeze mimi. Nisimame, niseme Silberferner, wote watanyoosha mikono, nami nitachongwa.

Nikauliza mtego uko wapi. Akaniambia, "Kassian mwanangu, ungekuwa na adabu kidogo tu ungekuwa mtu mzuri sana." Halafu akasema aliyemfundisha upepo ni baba yangu. Alikuwa tarishi kijana, amepeleka barua kibandani, Serafin akamsimamisha kwenye mkondo ule, akamwambia afumbe macho aseme upepo unatoka wapi. Alikosea mara kumi na moja. Baba hakucheka. Kwa hiyo haya mambo si yake, ni ya nyumba yetu, anayarudisha tu kwa mwenyewe.

Nililia. Naandika bila aibu. Nilimshika mikono yote miwili nikamwapia kwamba nitasema neno moja tu, Silberferner, na nitakaa chini. Irmgard naye alijifuta macho, kisha akanitaka niape tena, safari hii nikimtazama yeye.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Silberferner. Silberferner! Sauti nzito imetoka vizuri zaidi. Nimempigia mchongaji kumuuliza kama jina la Kassian litaingia kwenye safu ileile chini ya la baba. Linaingia.

Sina la kufanya mchana huu. Nimefungua kamera moja ya upande wa Italia, Cima Dossa. Kutazama si kosa. Nilitazama tu. Theluji mbichi, imeanguka leo! Mtu mwenye koti jekundu kashuka na nyuma yake pametimka vumbi jeupe kama unga. Tena kibandani wanauza tambi zilizokandwa kwa mkono.

Nimeifunga. Nimeifungua kidogo, kisha nimeifunga kabisa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimesubiri mpaka asubuhi hii ndipo niandike, ili niandike kwa haki.

Jana mgahawa ulijaa joto. Vinzenz aliuliza nani anapendekeza. Notburga akaangalia bia yake. Nikasimama. Wote walikuwa wameshajua, walikuwa wanatabasamu, mmoja kashaanza kunyanyua mkono. Mchongaji alikaa karibu na jiko na penseli sikioni. Nikalitazama jina la baba, nikafungua mdomo kusema neno moja.

Nikasema Cima Dossa.

Sijui ilivyotoka. Yaani, najua. Nilifikiria: nikisema Silberferner, huo ni ushindi wa Notburga uliovalishwa jina langu. Mimi nataka wangu! Baba angenielewa. Nikaendelea na tambi, nikaendelea na koti jekundu, nikawaambia ni saa tano tu kwa basi. Vinzenz akauliza kwa upole, tano kwenda na kurudi? Nikasema kwenda.

Wanaokubali wanyooshe mikono. Hapakunyooshwa hata mmoja. Na wangu je? Nilikuwa nimeshughulika kuhesabu ya wenzangu, nikasahau. Vinzenz akaandika sifuri, akaisoma ile kanuni. Miaka mitano. Hakuicheka, aliisoma taratibu, na mimi nilisimama nikiangalia vidole vyangu.

Sikuweza kumtazama Notburga. Nilipomtazama, alikuwa ananiangalia kwa huruma, kama anavyoangalia mtu aliyeanguka mahali anapopajua yeye. Ningependa angenitukana.

Ndipo kiti kikasogea, akasimama Irmgard. Mke wangu hajawahi kusema neno kwenye kikao hiki kwa miaka kumi na minne. Akasema, "Silberferner," akakaa. Mikono yote ikapanda. Hata wangu, safari hii niliwahi.

Mchongaji amemaliza asubuhi ya leo, nimepita kuona. Irmgard Plattner, chini tu ya jina la Serafin, herufi safi. Ningesema sikuumia ningekuwa mwongo. Lakini alisimamaje vile! Neno moja, bila kurusha mikono, bila kukohoa. Nimemwambia kwamba ninajivunia kuwa naye. Akaniambia nipeleke takataka nje. Mchana anakwenda kwa Notburga kujifunza upepo, na mimi nimeruhusiwa kubeba keki.

Sasa nimeisoma ile kanuni upya, polepole, mstari kwa mstari. Inasema mimi siruhusiwi kupendekeza. Hakuna mahali inapomkataza bingwa wa mwaka huu kupendekeza mwakani anachoshauriwa na mumewe. Nimeshachora ramani ya njia ya Cima Dossa, na kuna njia ya mkato ya saa nne na nusu. Irmgard bado sijamwambia.